Nyongeza ya Boaz

Jumamosi asubuhi pale Kawangware, karibu na stage ya matatu ya 46, ukitaka kumwambia mwenzako neno ni lazima umvute mkono umsemee sikioni. Muuza viatu ana spika yake, muuza dawa ya kunguni ana yake, mhubiri ana yake, na hakuna anayekubali kupunguza, maana ukipunguza wewe, wa jirani anakumeza. Katikati ya zogo hilo ndimo alimopita Valary Nekoye akitafuta kitu ambacho hakuna spika hata moja iliyokuwa ikikitangaza. Alikuwa anatafuta kimya.

Valary alikuwa msichana wa Silanga, kule Kibera, upande wa bwawa. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge la rangi ya machungwa lenye mifuko mikubwa, na raba nyeupe alizokuwa amezisugua kwa mswaki. Nywele alisuka mistari akaikusanya kisogoni. Begi la laptop alilivaa kifuani, kwa sababu ukilibeba mgongoni pale stage, hilo si lako tena. Na shingoni zilining'inia hedifoni kubwa nyeusi za studio, alizozichomoa kwenye rundo la mtumba la soko la Toi. Mafundi wa Kibera, kuanzia Kambi Muru hadi Makina, walikuwa wamezijaribu, wakasikia sauti inayotoka kwa mbali kama mtu anaongea nyuma ya ukuta, wakatikisa kichwa na kusema zimekufa.

Yeye alikataa. Na Valary akikataa kitu, amekataa. Hilo mama yake angekuambia bila kuulizwa.

Kibanda alichoelekezwa kilikuwa cha Boaz Murunga, kijana wa Kabiro, hapo hapo Kawangware, mrefu, mwenye shati jeupe pe mahali ambapo vumbi halimwogopi mtu. Aliuza kompyuta za mtumba na vipuri vyake, na yeye pia alikuwa na spika mlangoni iliyokuwa ikitetemesha mabati.

"Niaje mrembo. Nikusaidie na nini?"

"Natafuta sound card ya nje, ya kusikizia na hizi. Na kabla hujasema zimekufa, hazijakufa."

Boaz akazipokea, akazigeuza, akasoma maandishi madogo yaliyo ndani ya utepe wa kichwani, akapiga mluzi. "Hizi hazijakufa," alisema. "Hizi ziko na njaa. Laptop yako haiwezi kuzilisha."

Hapo ndipo Valary alipomtazama vizuri. Tangu anunue hedifoni zile, huyu ndiye mtu wa kwanza kumwunga mkono, na alikuwa na macho ya mtu anayependa kucheka.

Boaz alimweleza kwamba hedifoni za studio zinataka nguvu kuliko ile ya tundu la kawaida la kompyuta. Valary naye akamweleza shida ya pili: hata kama hakuna kinachocheza, alikuwa anasikia mvumo mwembamba, kama maji yanayokaribia kuchemka, na akisogeza mausi anasikia kimlio. Boaz akasema hiyo ni kwa sababu ndani ya laptop kila kitu kimebanana, na sauti inapakwa uchafu wa wenzake. Dawa ni kuitoa sauti nje, iwe na kijumba chake. Akamwekea kadi tatu za sauti mezani. Moja ilikuwa ndogo kama kidole gumba. Ya pili ilikuwa na taa zinazobadilika rangi, ya vijana wa kucheza gemu, na sanduku lake liliapa kwamba utasikia kama uko ndani ya sinema. Ya tatu ilikuwa kijisanduku cheusi cha chuma, kimekwaruzwa pembeni, chenye kitufe kimoja kikubwa cha kuzungusha. Boaz alisifu ile ya taa. Ndiyo iliyokuwa ikinunuliwa.

Valary akasema atazisikiliza zote, moja baada ya nyingine, kwenye kompyuta ya dukani. Kisha akaelekeza kidole mlangoni.

"Zima hiyo spika yako kwanza."

"Nizime?"

"Zima. Siwezi kuchagua sauti ndani ya kelele."

Boaz akazima. Jirani yake Kagiri, muuza viatu, alipoona amezima akadhani stima zimepotea, naye akazima kuangalia, na yule wa dawa ya kunguni akafuata. Basi kwa muda kidogo mstari ule wote wa vibanda ukapoa, na wapita njia wakageuka kutazama kama kuna msiba.

Valary akavaa hedifoni, akafungua sauti mpaka mwisho, na hakucheza chochote. Boaz akamuuliza anasikiliza nini. Akasema anasikiliza kama kadi inajua kunyamaza. Ile ya kidole gumba haikujua, ilivuma. Ile ya taa ilivuma kidogo, na alipocheza rekodi yake, sauti ya mzee mmoja anayesoma hadithi, mzee akasikika kama amewekwa katikati ya kanisa tupu. Ile nyeusi ilinyamaza kabisa. Kisha mzee akaanza kusoma, na Valary akasikia karatasi ikigeuzwa, akasikia mzee akimeza mate kabla ya neno gumu. Akafumba macho. Akatabasamu peke yake.

Baadaye Boaz alimwambia kwamba mambo yalimharibikia hapo hapo. Miaka yote aliyouza sauti, wateja wake walikuwa na swali moja tu: je, inapiga? Hakuwahi kuona mtu anayezuia pumzi ili asikie mwingine akipumua.

Walielewana bei haraka, kwa sababu ya ile mikwaruzo. Lakini Kawangware hakuna anayeuza bila nyongeza. Ukinunua nyanya unatupiwa moja juu, ukinunua sukuma mama anachomoa majani mengine anakuongezea, na asiyetoa nyongeza watu humwita mkono wa birika mpaka wajukuu. Boaz aliomba laptop ili amwunganishie ile kadi, akainama juu yake, vidole vikicheza, akakawia zaidi ya ilivyohitajika. Alipomrudishia alikuwa pia amemfungia waya mpya kwa mpira.

"Nimekuwekea nyongeza," alisema, na macho yale yakacheka.

Valary akaona ule waya, akashukuru. Spika zilikuwa zimerudi kazini, Kagiri akinguruma na viatu vyake. Alisikiliza upesi upesi. Sauti ilikuwa imejaa, tamu ajabu. Boaz akaomba namba ya simu, ati ya warranty.

Warranty gani ya kupigiwa kila jioni? Simu ya kwanza Boaz aliuliza, "Mtoto anaendeleaje?" na Valary akajibu kwamba mtoto amekula, amelala, hajalia hata kidogo. Tangu hapo kadi ikawa mtoto. Mtoto ameogeshwa? Mtoto anamuulizia baba? Boaz alikuwa na maneno ya kumwaga, na kila habari aliyoileta ilikuja imepakwa asali: mteja mkali aligeuka mteja wa kuchekesha, siku mbaya iligeuka siku ya kupumzika. Alimwita Val, halafu mami, halafu kipenzi, na Valary, aliyekuwa akijivunia kwamba hadanganyiki na sauti ya mtu, alijikuta anaitazama simu kabla haijalia.

Jumapili moja Boaz alikuja Silanga. Alipita kwenye vijia vya mashamba ya sukuma kando ya bwawa, na shati lake jeupe, mpaka kwenye kibanda cha makaa cha Magdaline, mama yake Valary. Mama hakumpa kiti. Kiti kilikuwa na mteja. Boaz akaketi juu ya gunia la makaa bila kufikiri mara mbili, na hilo Valary aliliweka moyoni. Kabla ya kuleta chai, mama aliuliza ukoo. Wao ni Wabukusu wa Bakhone. Boaz akasema yeye ni Mkabras, akataja ukoo wa baba, mama akataka na wa mama, akazipima pande zote asione damu inapogusana, ndipo akamimina chai. Akauliza pia nyumbani kuna nani. Boaz akasema yuko mama yake, mzima, ana ng'ombe na maneno mengi. Wakacheka.

Sasa nikuambie kadi yenyewe ilikuwa ya kazi gani, maana msichana hawezi kuvuka mji kutafuta kimya kwa kujifurahisha. Kwa muda mrefu Valary alikuwa akijitolea kwenye redio ya mtaa, na kujitolea ni neno la heshima la kufanya kazi kwa chai. Alisafisha sauti za wengine, akapanga vipindi, akafundisha waliokuja baada yake, nao wakapata kazi wakamwacha. Mwishowe akapata mlango. Kulikuwa na kampuni ndogo kule Kilimani inayorekodi hadithi za kusikiliza, na mwenye kampuni, Kalekye, mama mwenye miwani na haraka nyingi, alimpa jaribio: sura za mwanzo za hadithi iliyosomwa na mzee Okello. Azisafishe, azisawazishe, azilete. Zikiwa nzuri, kazi ni yake, ya mshahara. Zikiwa mbaya, kuna wengine kwenye foleni.

Alifanya kazi hiyo alfajiri, kabla majirani hawajafungua redio. Na kitu kimoja kilimshangaza. Kwa kadi ile mpya, mzee Okello alikuwa mzito mno. Besi, ule mlio mzito wa chini, ilifunika kila neno lake, ikajaa masikio. Valary akaipunguza. Akaipunguza tena, mpaka mzee akakaa sawasawa, kama amekaa naye meza moja. Akatuma kwa moyo mweupe, na jioni Boaz alipopiga alimwambia mtoto amefaulu.

Kalekye alipiga kesho yake. Hakusalimu.

"Valary, mzee Okello umemfanya nini?"

"Nimem... nimemsafisha, madam."

"Anaongea kama yuko ndani ya kopo. Nimemweka kwa gari, nimemweka kwa simu, nimemweka kwa spika za ofisi. Kote ni kopo. Kwani wewe unasikia nini?"

Kalekye akashusha pumzi, akasema alishaisikia kazi yake ya redio na alikuwa ameipenda, kwa hivyo anampa mpaka Ijumaa, na baada ya Ijumaa anamwita mwingine. Akakata.

Nakuambia ukweli, Valary aliogopa. Si kazi tu. Msichana huyu hakuwa na shamba, hakuwa na digrii, hakuwa na mjomba mkubwa mjini. Alikuwa na masikio. Yakiwa yameharibika, hana lingine la kupeleka kwa mtu. Aliketi kitandani akashika kichwa, machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, kisha akaamka kutafuta ubaya ulipo.

Aliicheza kazi ya mzee kwenye simu ya mama. Kopo. Akavaa hedifoni zake kwenye laptop. Mzee, amejaa, mzuri kabisa. Basi kuna mmoja anayedanganya hapa. Akachukua kadi na hedifoni, akakimbia navyo kwa rafiki yake Annet, nyumba ya nyuma, akavichomeka kwenye laptop ya Annet. Kopo. Alirudia mara nyingine mpaka Annet akamuuliza kama ni mgonjwa. Lakini Valary alikuwa ameanza kupona. Kadi haikuwa na makosa, hedifoni hazikuwa na makosa, na masikio yake hayakuwa na makosa. Laptop ndiyo iliyokuwa na kitu.

Akaipekua mpaka akakikuta: kiprogramu kidogo ambacho hakukiweka yeye, kimejificha pembeni, kikijiwasha kila anapoiwasha laptop. Ndani yake besi ilikuwa imepandishwa juu, na sauti imetanuliwa kushoto na kulia. Kiliwekwa Jumamosi ile ya Kawangware. Na Jumamosi ile ni mkono mmoja tu wa mtu mwingine uliogusa laptop hiyo.

Boaz alipokea simu kabla haijalia mara ya pili.

"Kipenzi. Mtoto ako aje?"

"Boaz, uliweka nini kwa laptop yangu?"

Akacheka kwa furaha, maskini. "Umeiona? Si nilikuambia nimekuwekea nyongeza. Na hiyo siwekei kila mtu vile nilikuwekea wewe. Wengine nawapandishia kidogo. Wewe nilikupandishia kabisa, ndio ukivaa hizo hedifoni usikie raha."

"Nani alikuuliza?"

"Val, nyongeza huwa haiulizwi."

Valary akamweleza, polepole, kwa sauti ya chini iliyomtisha Boaz kuliko angepiga kelele. Kwamba alisikia besi nyingi akadhani ni ya mzee. Kwamba aliikata. Kwamba besi ilikuwa ya Boaz, na aliyekatwa ni mzee wa watu, na sasa Kilimani kuna mtu anayeamini Valary hasikii.

"Nilikuja kwako nikitafuta ukweli, Boaz. Nilizimisha stage mzima ndio niusikie. Wewe ukanipakia utamu juu na hukuniambia."

"Nakuja. Saa hii. Nitakuletea ingine, kali kuliko hiyo, bure..."

"Usije," alisema Valary. "Na usinipe kitu kingine."

Akakata simu.

Alikiondoa kile kiprogramu, akavaa hedifoni tena. Jamani, sauti ilikuwa kavu. Ilikuwa ugali bila mboga. Utamu wote ule aliokuwa ameuzoea, mpaka akaanza kuuona ndio sauti yenyewe, ulikuwa umekwenda, na kwa dakika kadhaa aliichukia kadi aliyoipenda. Lakini alijiambia kwamba hii ndiyo sauti, mengine yalikuwa mapambo, na ataizoea kama anavyozoea maji baridi ya kuoga. Siku hiyo hakugusa kazi ya mzee. Alisikiliza tu vitu anavyovijua. Alirekodi sauti ya mama yake akiita wateja, akaisikiliza, akatoka nje akamsikiliza mama mwenyewe, akarudi. Alifanya hivyo mpaka mama akauliza kama makaa yameanza kutangazwa redioni. Ilipofika jua kutua, masikio yake na kadi vilikuwa vinasema lugha moja.

Kisha akaanza upya, kutoka rekodi mbichi. Magdaline aliwakataza wateja kubishana bei karibu na dirisha. Aliyetaka kubishana alisogezwa mpaka kwenye mashamba. Kila sura ilipokamilika Valary aliipeleka kwenye simu ya mama, kwenye spika ya Annet, kwenye redio ya kinyozi. Mzee Okello alikuwa mzee kote.

Boaz alipiga. Hakupokea. Akapiga tena, akaacha. Valary alimkumbuka mpaka akajikasirikia. Kila jioni saa ya simu yao ilipofika alijitafutia sufuria ya kuosha. Siku moja kukaingia ujumbe. Aliutarajia uwe mrefu, wenye kipenzi na mami na samahani elfu, naye alikuwa tayari kuufuta. Ulikuwa mfupi: "Nimetoa hiyo programu kwa kompyuta zote ninazouza. Wateja wanasema nimewapunja. Nawaambia hii ndio sauti yenyewe, anayetaka aongeze mwenyewe."

Aliusoma, akausoma tena, akailaza simu kifudifudi, akarudi kwa mzee.

Ijumaa alituma asubuhi, akakaa mlangoni mwa kibanda cha makaa bila kusema na mtu. Kalekye alipiga kabla ya chakula cha mchana. Safari hii alisalimu. Akasema amemweka mzee kwa gari, kwa simu na kwa spika za ofisi, na huyu ndiye mzee Okello anayemjua. Halafu akauliza, kwa udadisi wa mtu wa kazi, lile kopo la kwanza lilitokana na nini. Valary akamwambia ukweli, kwamba laptop yake ilikuwa imepambwa sauti bila yeye kujua, na kosa lake mwenyewe ni kutoijaribu kazi mahali pengine kabla ya kuituma.

"Aje Jumatatu huyo aliyetafuta mpaka akajua," alisema Kalekye. "Tutampa meza."

Valary alimkumbatia mama yake, gauni likajaa vumbi la makaa. Mama alicheka, akalia, akamshukuru Mungu kwa Kibukusu na kwa Kiswahili. Kisha akamshika mabega, akamtazama.

"Na yule wa shati jeupe?"

"Sijui, mama."

"Kama hujui si uende ujue. Kukaa hapa kunakuonyesha nini?"

Jumamosi akaenda. Alivaa sketi ya jinzi na blauzi ya kijani, na hakujipamba zaidi ya mafuta ya midomo, makusudi. Kibanda cha Boaz kilikuwa hakichezi chochote. Kagiri alimwona akija, akamwambia kwa kulalamika kwamba huyu jirani amefanya mahali pawe kama matanga. Boaz aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta aliyokuwa anaifungua. Alikuwa amekonda usoni.

"Ulipata kazi?"

"Nilipata."

Boaz akaketi kwenye kiti, akaficha uso kwa mikono, na aliposhusha mikono macho yalikuwa na maji. Hakusema neno la kupendeza. Alisema tu, "Nilikuwa naogopa nimekumaliza."

"Ulikaribia," alisema Valary. "Na sikuja kukusamehe haraka haraka. Hiyo besi sina shida nayo, nimeitoa. Shida yangu ni kwamba ulinichagulia chenye nitasikia. Ukiona kitu ni kikavu unakipaka, unanipea, na mimi nakula nikidhani ndivyo kilivyo. Mimi siwezi kuishi hivyo, Boaz. Masikio yangu ndio kila kitu."

Boaz alitazama bisibisi mkononi. Akaiweka chini. Nje mhubiri alikuwa anawakemea wavuta sigara.

"Basi kuna kingine," alisema. "Siku ile mama yako aliuliza nyumbani kuna nani. Nilisema mama. Kuna mtoto pia. Wangu. Anakaa na mama huko Malava. Mama yake aliolewa kwingine, kitambo, hatuna maneno. Msichana. Ameanza darasa la kwanza."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliona itaharibu utamu."

Valary alisimama, akatoka mpaka nje ya kibanda. Watu walimpita wakimgonga mabega. Wengine wangeshika njia hapo, na mimi nisingewalaumu. Mtoto si waya wa nyongeza, na kumficha si jambo dogo. Alikuwa na hasira iliyompanda mpaka shingoni. Alijiona mjinga kwa chai yote ile na kicheko chote kile juu ya gunia. Lakini alikuwa anamsikia bado. Maneno aliyoyasema sasa hivi yalitoka vibaya, hayana asali wala mzaha, na katika jioni zote za simu hakuwahi kusikia sauti ile kwake. Ilikuwa kavu. Ilikuwa yake. Valary alijua, na jambo hili hakuhitaji kulipeleka kwa Annet wala kwa kinyozi, kwamba huyu ndiye Boaz, na kwamba huyu anamtaka kuliko yule wa asali.

Akarudi ndani.

"Anaitwa nani?"

"Nafula."

"Mpigie."

"Saa hii?"

"Saa hii. Na usimfundishe cha kusema."

Boaz akapiga, vidole vikikosea namba. Mama yake akapokea, akaita uani, kuku wakasikika, na mlango, na miguu inayokimbia. Mtandao ukakatika ukarudi. Boaz alisema tu kwamba kuna mtu anataka kumsalimia, akamkabidhi Valary simu, kisha akasimama mikono imeshuka, hana la kuongeza. Valary akaziba sikio moja kwa kidole.

"Baba?" alisema mtoto.

"Si baba. Huyu ni Valary."

"Valary gani?" Lilikuwa swali la mtoto anayelinda simu ya nyanya yake dhidi ya watu wa hovyo.

Valary alimtazama Boaz. Hasira ilikuwa bado ipo, na wangekaa nayo, wangeizungumza Jumapili, na Jumapili nyingine. Safari ya Malava ingekuja, na Magdaline angetaka maelezo yote kutoka mwanzo. Hayo yote Valary aliyaona, akayakubali.

"Valary wa baba yako," alisema.

Upande wa pili kukawa na kuku tu.

"Ongea kwa nguvu," alisema Nafula. "Sikusikii."

Basi Valary akasimama katikati ya kibanda, akajaza kifua hewa, akarudia maneno yale yale kwa sauti iliyosikika mpaka kwa mhubiri.